Mstari Chini ya Jina

Jumatatu, 3 Machi

Fomu ya waoka mikate ina kurasa sita. Ukurasa wa nne unataka "historia ya utambulisho wa biashara yenu". Sisi hatuna historia wala utambulisho. Tuna ngazi mbili, rafu ya makopo ya rangi, na Kaka. Basi nimenunua daftari hili nianze leo, ili siku ya kupeleka fomu ikifika historia iwepo, hata kama ni ya mwezi mmoja.

Nieleze. Kaka yangu ni mwandishi wa vibao vya maduka. Anaandika kwa brashi, kwa mkono, mwaka wa thelathini na moja sasa. Wifi yangu, mkewe, hupokea wateja. Mimi nachora mipango kwenye kompyuta, ambayo nilijifunza mwenyewe kwa kubonyeza kila kitu mara moja, na kilicholeta matata mara mbili. Brashi sishiki. Kaka alishasema kwamba kuku angeandika vizuri kuliko mimi, na angetaga juu yake.

Ushirika wa waoka mikate una maduka ishirini na nane, na wanataka yote yaandikwe upya kwa mkono. Anayeomba kazi hiyo lazima kwanza aonyeshe nembo yake, rangi zake na barua yake yenye kichwa. Katibu wao, mwanamume mwenye kalamu tatu mfukoni, alitazama mlango wetu mtupu akaniuliza, "Asiyejiandika mwenyewe atatuandikaje sisi?" Nikamwambia mganga hajigangi. Akaandika kitu kwenye karatasi yake. Nadhani aliandika methali.

Wifi amesema wazi: kazi hii tusipoipata, mvua zikiisha tunarudisha ufunguo wa chumba.

Alhamisi, 6 Machi

Mvua. Hakuna kibao kinachopakwa nje. Tumeanza nembo.

Nimechora jicho, maana kibao ni kitu cha kuonwa. Nimelibandika mlangoni kwa utepe tuone watu watasemaje. Kabla ya saa sita wameingia wawili kuuliza kama tunapima macho.

Ijumaa, 7 Machi

Leo mkono. Wifi ameutazama mkono wangu, vidole vitano vimesimama, akasema, "Wifi, huyu anazuia magari."

Jumatano, 12 Machi

Brashi na kopo vimepishana kama mifupa ya hatari. Kaka amekataa. Herufi ya kwanza ya jina letu. Amekataa. Ile herufi ndani ya duara. Amekataa hata kabla sijamaliza duara. Hapigi kelele. Anainua kidevu kidogo na kurudi kwenye kiti chake, anakaa na mikono yake katikati ya magoti. Mtu mzima akiwa na kiburi hana haja ya kusema sana.

Mvua.

Jumamosi, 15 Machi

Lazima niandike tunavyopima kazi hapa, kwa sababu ya yatakayofuata. Kaka hatazami herufi akiwa karibu. Unabandika mchoro mlangoni, unavuka barabara, unahesabu hatua ishirini, unageuka. "Kibao kinasomwa na mpita njia," ndivyo alivyotufundisha. "Aliyeshika kibao mkononi huyo anakiiba."

Leo tumevuka mara kumi na moja chini ya mwavuli mmoja, watu watatu. Wa katikati ndiye mkavu, na kwa heshima wa katikati ni Kaka. Tumekubaliana juu ya mchoro: jina letu lote kwa herufi za kivuli, ngazi pembeni, na mtu mdogo juu ya ngazi ameshika brashi. Kutoka hatua ishirini unapendeza hadi Wifi ametabasamu, jambo ambalo si la kila mwezi.

Jumatano, 19 Machi

Fomu ina kisanduku cha kubandika nembo. Kisanduku kina ukubwa wa kiberiti.

Hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa amekitazama. Wiki mbili tunavuka barabara na mvua, na kitu chenyewe ni cha kushikwa mkononi. Nilipouchapa mchoro kwa ukubwa huo, herufi za kivuli zimekuwa ukoka, ngazi imekuwa kitana, na yule mtu wa juu amekuwa nzi.

Mwenye duka la stika la ng'ambo ya barabara, tunayemwita Bwana Stika, aliingia kujikinga na mvua akauona. Akasema, "Nzuri. Mnaanza kuuza dawa ya wadudu?" Mashine yake hukata herufi mia kwa dakika tano, nami sijawahi kumpenda.

Jumamosi, 22 Machi

Nimegombana na Wifi. Amekuja mama mmoja mwenye saluni anataka ubao wa huduma: kusuka, kuosha, kukata, mistari kama kumi na miwili. Kazi ya ndani, mvua haiigusi. Wifi akamwambia, "Herufi ndogo hatufanyi."

Nikamuuliza tangu lini. Akasema tangu zamani. Nikasema mwezi uliopita ulimkataa mwenye duka la dawa aliyetaka orodha, na kabla yake mwalimu aliyetaka vyeti vya wanafunzi. Nikasema, "Wifi, wewe ukiendelea kupokea wateja namna hii, tutabaki tunaandikiana sisi kwa sisi."

Akafuta meza ambayo ilikuwa safi. "Umemaliza?" akasema. Kaka alikuwepo, hakuinua kichwa. Niliona wameshikamana dhidi ya akili.

Jumatatu, 24 Machi

Mvua. Hatusemeshani.

Jumatano, 26 Machi

Nimeipata, na nimeona aibu kwamba ilikuwa mbele ya macho yangu.

Chini ya kila jina aliloandika maishani mwake Kaka huweka mstari mmoja. Unaanza mwembamba kama unywele, unanenepa katikati, unakwisha mwembamba tena, na mwisho unainuka kidogo kama mtu aliyeitwa. Haupigiwi rula wala penseli. Anavuta pumzi, anaubana mdomo, anauvuta mara moja. Wateja walikuwa wakimwomba aweke na ua pembeni naye huwajibu, "Herufi ni zako, ziamrishe. Mstari ni wangu." Hatii sahihi kwenye kazi zake na bado mji mzima unazijua.

Kwa nini tutafute nembo? Nembo yetu imetundikwa mitaani miaka thelathini. Na mstari mmoja ukiupunguza hadi kiberiti unabaki mstari.

Nimemwambia Wifi, kwa kuwa hili ni kubwa kuliko ugomvi. "Tafuta kingine," akasema. Nikamwuliza sababu. "Tafuta tu kingine, wifi yangu." Watu wengine wivu wao hauna hata adabu ya kujificha.

Alhamisi, 3 Aprili

Siku sita nazunguka na simu na viatu vya mpira, napiga picha vibao vya Kaka. Nimepiga hamsini na tatu. Wenye maduka wananiuliza ninachopiga, nikisema mstari wananitazama kwa huruma. Mbwa mmoja amenifukuza.

Mzuri kuliko yote uko kwa fundi cherehani nyuma ya soko, wa miaka kumi na miwili iliyopita. Ukiutazama unajikuta umeshikilia pumzi. Nimeufuata kwenye kompyuta ukingo kwa ukingo, bila kuurekebisha popote. Hakukuwa na cha kurekebisha.

Ijumaa, 4 Aprili

Nimemwonyesha Kaka. Hakuvuka barabara. Aliishika karatasi mkononi, akaitazama hadi chai yake ikapoa. "Huyu jamaa," akasema, "alikuwa na mkono."

Nikacheka. Yeye hakucheka, lakini huwa hacheki.

"Nipeleke?" nikamuuliza.

"Peleka, mdogo wangu. Wewe ndiwe unayejua mambo ya sasa."

Jumatano, 9 Aprili

Faili limekwenda. Nembo: mstari. Rangi: nyeusi ya vibao na nyekundu ile inayopakwa chuma kwanza kuzuia kutu. Barua ina mstari chini, bahasha ina mstari chini. Kwenye ukurasa wa nne, kwa kuwa historia yangu haijafika hata robo ya daftari, niliandika sentensi moja ambayo nilijipongeza nayo njia nzima ya kurudi: "Kila mstari huvutwa na mwanzilishi mwenyewe, kwa mkono wake, kwa pumzi moja."

Mvua imepungua. Au ni furaha yangu.

Alhamisi, 24 Aprili

Wametujibu. Waombaji kumi na tisa wamebaki wawili, sisi na mwingine asiyetajwa. Mwenyekiti wa ushirika, mama mwenyewe, ameandika kwa mkono chini ya barua: "Mstari wenu umetugusa sana. Jumatano tarehe 14 Mei tutafika kumwona Fundi akiuvuta juu ya mlango wenu, kwa pumzi moja kama mlivyotueleza. Hilo ndilo litakalotuamulia."

Nikaisoma kwa sauti. Nilitegemea hata makofi mawili matatu. Wifi akaondoka kwenda nyuma. Kaka akasema, "Vizuri," akaomba barua, akaikunja mara nne.

Jumatatu, 28 Aprili

Mvua imerudi kwa hasira. Kaka anashinda ua wa nyuma, chini ya bati. Amesema hataki mtu.

Jumatano, 30 Aprili

Sijui niandikeje hili, basi niliandike lilivyokwenda.

Asubuhi nikajiambia Mwenyekiti atafurahi kuona picha zote hamsini na tatu ukutani, miaka thelathini ya kazi. Kuzipanga vizuri ni kuzipanga kwa mwaka, na Kaka huandika mwaka nyuma ya kila kibao. Wenye maduka walinitajia. Nikazibandika kuanzia kushoto. Nilipofika mwisho nikarudi nyuma, nikatazama.

Ishirini na kitu za kwanza ni mstari ule ule. Kisha, miaka mitatu iliyopita, kwenye duka la dawa, ukingo wa chini una kijimkunjo. Nilipoupiga picha nilikiona, nikadhani ni ukuta. Unaofuata una viwili. Baada ya hapo mistari inanenepa, halafu inazidi kunenepa, kama mtu anayevaa nguo pana kuficha kitu. Herufi nazo zinakua. Na vibao kumi na vitatu vya mwisho havina mstari kabisa. Sikuwa nimeviona kwamba havina. Mwenye mgahawa mmoja aliniambia, Kaka yako siku hizi anasema mstari umepitwa na wakati, nami nikamjibu kwamba huo ni utani wake.

Wifi alikuwa amesimama nyuma yangu. Sikumsikia.

"Umefika," akasema.

"Tangu lini unajua?"

"Tangu duka la dawa. Aliangusha brashi mara mbili akanilaumu mimi kwamba nimeiosha kwa sabuni. Nikakubali. Nikasema ndiyo, ni sabuni."

"Hospitali?"

"Tulikwenda. Daktari alisema kuna dawa za kuuchelewesha huu mtetemo wa mkono. Anakunywa. Kuurudisha mkono ulivyokuwa, hakuna." Akashika meza. "Herufi kubwa anaweza bado. Akiegemeza mkono kwenye ile fimbo yake, anapaka ukingo kidogo kidogo, hakuna anayejua. Ndogo hawezi. Na huo mstari wenu hauegemezwi, unajua mwenyewe. Ulidhani nawafukuza wateja kwa raha?"

Nikasema, "Ungeniambia, wifi."

"Alikataza. Alisema wewe bado unamwona fundi, nimbakishie huyo mmoja."

Basi. Nimefanya kazi ya wiki tano. Nimepita mtaa hadi mtaa na mvua nikitafuta kitu kimoja ambacho kaka yangu hawezi tena kukifanya, nikakichonga vizuri, nikakiweka kwenye faili, nikaandika kwa maneno yangu mwenyewe kwamba anakifanya kila siku. Adui angetaka kumtafutia aibu asingefikiria mbali hivyo.

Nimezibandua picha zote kabla hajaingia. Ameuona utepe uliobaki ukutani.

Ijumaa, 2 Mei

Mvua. Nilimwambia Kaka tuwaandikie kwamba anaumwa mafua. Akasema, "Mafua ya miaka mingapi?" Kwa hiyo anajua kwamba najua. Tumemaliza mazungumzo hapo.

Jumatatu, 5 Mei

Nimekwenda ua wa nyuma alipokuwa msalani. Ukuta wote, kutoka chini hadi anapofika mkono, ni mistari. Inafanana na mawimbi ya mtoto. Mmoja tu, karibu na bomba, umenyooka hadi katikati. Ameuwekea alama ya chaki pembeni.

Jumatano, 7 Mei

Bwana Stika amekuja, mlango ukafungwa kwa nguvu kuliko alivyokusudia. Inaonekana mtaa mzima ulishajua, isipokuwa mimi ninayejiita mtazamaji.

"Fundi," akasema, "nipe huo mchoro. Nitakukatia stika ya rangi isiyong'aa, tuibandike Jumanne. Wakija waambie uliupaka jana kukwepa mvua. Mtu akisimama chini hajui. Hata wewe hutajua."

"Na wewe unapata nini?" Wifi akauliza.

"Mama, mimi nilijifunza herufi kwa kutazama vibao vyake nikienda shule. Nikatafuta mashine kwa sababu niliona siwezi." Alisema akitazama sakafu. Miaka minne namchukia mtu huyu kwa bidii, na sasa nalazimika kutafuta mwingine.

Wifi alitaka. Nami nilitaka, naandika hapa bila haya. Kaka akamshukuru vizuri, akamkaribisha kiti, akamwuliza habari za mama yake. Kisha akasema, "Wameomba kuona mkono. Hata wakidanganyika Jumatano, kuna maduka ishirini na nane baada yake. Utanikatia yote?"

Bwana Stika akafikiri kweli. "Ningeweza," akasema.

"Basi wakuajiri wewe."

Jumapili, 11 Mei

Mvua ya manyunyu. Hakuna jipya.

Jumanne, 13 Mei

La kuvunda halina ubani. Hata hivyo Kaka amepiga msasa ubao wa juu ya mlango, ameupaka nyeusi mara mbili, umekauka kama kioo. Sehemu hiyo ya kazi bado hakuna anayemfikia. Nimemshikia ngazi. Aliposhuka alisema, "Usiwe na uso huo kesho. Utawatisha waoka mikate."

Jumatano, 14 Mei

Jua, siku ya kwanza baada ya wiki nyingi. Lingechelewa lisingepungukiwa na kitu.

Walikuja watatu: Mwenyekiti, Katibu na kalamu zake, na mzee mmoja aliyekula mkate muda wote. Mwenyekiti ni mama mpole mwenye mikono mikubwa. Alimshika Kaka mkono kumsalimia na nikaona ameusikia, kwa jinsi alivyouachia polepole.

Kaka alipanda. Alichovya brashi, akaipangusa ukingoni mwa kopo upande huu na upande huu. Fimbo ya kuegemeza aliiacha chini. Wifi alikuwa ameshika ngazi kwa mikono miwili, ameinamisha kichwa kama anayesikiliza mlango. Kaka akavuta pumzi. Akaubana mdomo.

Ulianza vizuri. Naapa kwa daftari hili, ulianza kama wa fundi cherehani, mwembamba, mwekundu, ukaanza kujaa. Katika theluthi ya kwanza niliamini. Kisha mkono ukaondoka kwake. Nilimwona akiuona unaondoka. Mtu mwingine angesimama afute. Rangi mbichi inafutika kwa kitambaa. Yeye hakusimama, akaupeleka hadi mwisho, ukitetemeka njia nzima, na mwisho akauinua mahali unapotakiwa kuinuka. Ndipo akatoa pumzi.

Mzee wa mkate aliacha kutafuna.

Katibu akafungua faili, akalinganisha. Si mtu mbaya, ni kazi yake. "Fundi, huu ndio huu?"

"Hapana," Kaka akasema kutoka juu.

"Labda ni hii baridi," Mwenyekiti akasema. "Mvua zimetuumiza sote. Tunaweza kurudi wiki ijayo."

"Asante, mama. Baridi hii ina miaka mitatu." Akashuka, kipandio kwa kipandio. "Aliyeandika kwenye faili ni mdogo wangu, hakuwa anajua. Msiandike kwamba tuliwadanganya."

Katibu alikuwa tayari ameshika kalamu. Akairudisha mfukoni.

Wifi akawatilia chai. Walikunywa nusu, wakasifu ubao ulivyopakwa nyeusi, wakaondoka. Mwenyekiti alirudi hatua chache kuniambia, "Mstari wako ni mzuri sana." Nikamwambia si wangu.

Alhamisi, 15 Mei

Bwana Stika amesimama mlangoni, hakuingia. Yule mwombaji mwingine alikuwa yeye, na mashine yake; alijua tangu Aprili kwamba tumebaki wawili, na bado alikuja kujitolea kutukatia stika. Ushirika umeachana na sharti la mkono, umempa kazi. Alisema kama mtu anayeleta taarifa ya ajali.

Kaka akamwambia asiweke nafasi pana mno kati ya herufi, mashine zinapenda hivyo. Bwana Stika akaitikia kwa kichwa, akakumbuka kuitoa kofia, akaenda.

Jumamosi, 17 Mei

Mvua zimekwisha. Wifi amepeleka barua kwa mwenye nyumba.

Saa nne ameingia kijana fulani, mgeni mtaani, anafungua duka la vitabu, anataka kibao kidogo chenye herufi ndogo na ule mstari chini. Aliuona kwa fundi cherehani. Wifi alifungua mdomo kusema lile neno lake, herufi ndogo hatufanyi, likakataa kutoka. Machozi yakatoka badala yake. Miaka mitatu alikuwa hajalia mbele ya mteja, nadhani alichoka kuwakataa.

Kijana akamtazama, akatazama makopo yaliyofungwa na ngazi zilizolazwa, akajijibu mwenyewe. Akashusha sauti. "Poleni sana. Sikuwa na habari. Alifariki lini?"

Kaka alikuwa pembeni na aproni yake, anaosha brashi kwa mafuta ya taa. Nilingoja aseme. Wifi naye alingoja.

"Jumatano," akasema.

"Pole, mzee. Alikuwa ndugu yako?"

Kaka akaikamua brashi kwa vidole, akainyoosha nywele zake, akailaza na nyingine.

"Tulifanya kazi pamoja."